Mtoto Aliyeombwa

Jumamosi iliyopita binti yangu alitimiza miaka tisa, na tukamfanyia karamu ndogo hapa Ukunda, katika ua wa nyumba tunayopanga. Keki ilitoka dukani, ya rangi ya waridi, imeandikwa jina lake kwa sukari. Watoto wa majirani walijaa, muziki ulikuwa juu, na mwenye siku yake alikuwa akitoa amri tu: huyu akae hapa, yule asiguse puto, keki isikatwe mpaka baba afike. Ndivyo alivyo mwaka huu. Mwaka jana alikuwa bado anajificha nyuma ya gauni langu wageni wakija. Mwaka huu ameota sauti, na sauti yenyewe haishuki.

Basi wifi yangu, dada wa mume wangu, akamvuta, akampakata, akasema kwa utani mbele ya wote, "Huyu mimi namchukua. Leo naondoka naye."

Binti yangu akamtazama, akafikiri, akauliza, "Kwako kuna paka?"

Wifi akasema hakuna.

"Basi hapana," akasema, akashuka mapajani akaenda zake. Ua mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika kisu cha keki, nikakiweka chini, nikaketi. Mume wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua. Halikuwa jua. Ni kwamba maneno kama yale niliwahi kuyasikia nikiwa na umri ule ule, siku kama ile ile, na aliyeyasema hakuwa akitania. Kaa nikusimulie wewe, maana binti yangu sijamsimulia bado.

Nilizaliwa Munje, upande wa Msambweni, katika nyumba ya udongo na makuti aliyoijenga bibi yangu mzaa mama. Mama alikuwa Mdigo wa hapo hapo. Baba alikuwa Mduruma wa Samburu. Si ile Samburu ya kaskazini, ni mji wetu mdogo wa Kinango, ulioko kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi. Alishuka pwani akiwa kijana kuja kukata miwa Ramisi, akamwona mama, akasilimu, akaoa, hakurudi tena kwao ila kwa misiba. Ninapomkumbuka baba kwanza naikumbuka harufu ya miwa iliyochomwa. Alikuwa akifika jioni mweusi kwa masizi kuanzia nywele hadi kucha, na kabla hajaoga alitukatia kila mmoja pingili, tukakaa kizingitini tukifyonza huku bibi akilalamika kwamba tunawaita siafu.

Mama alikuwa akipika katika nyumba za wageni huko Diani. Aliondoka kabla hatujaamka na kurudi jua likizama, nguo zake zinanukia siagi na vanila, na mkobani mwake hapakukosa kitu: ganda la mkate mweupe, chungwa moja, au hadithi. Hadithi ndizo tulizozipenda zaidi. Alitusimulia watoto wa kizungu wanaopuliza mishumaa juu ya keki kwa sababu tu wamezidi mwaka. Sisi Munje tulikuwa hatuna mambo hayo. Mtoto alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, au Ramadhani ya mwaka fulani, basi. Tarehe yangu mama aliijua kwa kuwa nilizaliwa hospitalini na muuguzi akamtajia, naye akaishika kichwani.

Kila mwaka, mavuno yakiisha bara, shangazi alikuja. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mrefu, shingo ndefu, miguu imeshika vumbi jekundu la kwao ambalo hata bahari haikulitoa. Alileta maziwa ya mtindi ndani ya kibuyu, yenye harufu ya moshi, na asali ya nyuki wakali. Alikuwa na mume huko kwao, lakini hakuwa na mtoto. Mimi alikuwa akiniita "mwanangu", lakini pwani nani haitwi mwanangu? Hata muuza mahamri aliniita hivyo. Kwa hiyo sikushtuka. Nilimpenda. Alikuwa mtu mzima pekee aliyekubali kukaa chini tukacheza kete, na akishindwa alikasirika kikweli.

Sasa mwaka ule ninaousema, mambo yalianza na jino.

Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na kuota mapya, isipokuwa moja la pembeni lililochelewa. Lilipoanza kutikisika nilifurahi, nikawa nalisukuma kwa ulimi mchana kutwa. Mama akiona, alikuwa akinikemea. "Liache. Usilitikise." Si kawaida yake, kina mama wote wa kijiji walikuwa wakiwafungia watoto wao uzi na kuvuta. Mama yangu alikuwa akinisagia nyama, akinikatia maembe vipande vidogo vidogo, alimradi nisitafune upande ule. Bibi naye, kila Ijumaa baada ya kunipaka mafuta, aliniambia, "Fungua mdomo nione," akaingiza kidole, akatikisa kichwa. Jino likang'oka siku moja nikila muhogo. Nikakimbia kumwonyesha mama. Alilipokea katika kiganja, akaingia nalo ndani. Sikusifiwa wala sikuambiwa nilirushe juu ya paa kama watoto wengine.

Baada ya hapo, jino jipya lilipoanza kuchomoza, nyumba yetu ikabadilika, na mimi nikaona bila kuelewa. Mama akaanza kunifundisha mambo kwa haraka, kama mtu anayekimbizwa: kusonga sima isiwe na madonge, kufua nguo yangu ya ndani mwenyewe, kusuka nywele za mbele bila kioo. Nikikosea hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana mama alikuwa mtu wa kukasirika. Baba alikuwa akifika na pingili za miwa, yangu ikiwa ndefu kuliko za wadogo zangu, lakini hanitazami akinipa. Kisha mama akatangaza kwamba mwaka huu, nikitimiza miaka tisa, atanifanyia sherehe ya kuzaliwa kama wanavyofanya Diani. Bibi akaguna, "Hayo ya wazungu yametuhusu nini?" Mama akamjibu, "Mara moja tu, mama. Mara hii moja."

Aliyefunua jambo alikuwa jirani yetu, mama mmoja aliyetoka bara na mumewe wakapewa shamba karibu nasi. Alikuwa Mkristo, mkarimu, mwenye sauti ya kusikika hadi kisimani. Alikuwa na sufuria kubwa nzito, na mama alinituma kuiazima kwa ajili ya keki. Akanipa, akanishika shavu, akasema, "Sasa wewe ukienda huko Samburu si utatusahau?"

Nikamwuliza, "Nikienda lini?"

Akaona uso wangu. Akaweka mkono mdomoni. "Ai, mimi sijui. Uliza nyanya yako."

Nilirudi na ile sufuria kichwani, na nakumbuka jinsi ilivyokuwa ikivuma ndani yake kila nilipokanyaga, kama kengele. Nilimkuta bibi peke yake anapepeta mchele. Nikamwuliza. Mwanzo alisema jirani ana mdomo mpana. Nikamwuliza tena. Akaweka ungo chini, akanieleza.

Nilizaliwa kabla ya wakati, akasema, mdogo kama ndizi ya kisukari, na mama akashikwa na homa kali hata maziwa yakakauka. Habari zilipofika Samburu, shangazi hakungoja kuitwa. Alifunga safari na mbuzi wa maziwa, wakavuka feri ya Likoni yeye na mbuzi wake, akafika Munje, akanilea. Alikuwa akiloweka pamba katika maziwa na kunikamulia mdomoni tone kwa tone, usiku na mchana, mimi nimefungwa kifuani mwake. Siku ya arobaini, mimi nikiwa hai na mama akiwa anaweza kukaa, shangazi akaniomba niwe wake, na baba akamjibu dada yake mbele ya watu: mtoto huyu ni wako, akishaota meno yote mapya ya mbele, njoo umchukue, awe mwanao.

"Na mama alisema nini?" nikauliza.

"Angesema nini? Angemkatalia mtu aliyemwokolea mtoto?" Bibi akachukua ungo wake. "Usimwambie mama yako kwamba unajua. Ana mzigo wake."

Basi tukaishi hivyo siku chache zilizobaki, mama anajua na mimi najua, na kila mmoja anajifanya hajui. Huenda nawe uliwahi kukaa katika nyumba ya namna hiyo. Kila neno lina kivuli. Nilimkuta siku moja anakunja magauni yangu, ameyafua na kuyapiga pasi ya makaa, anayapanga ndani ya mfuko mpya wenye zipu. Akasema anayaweka yasiliwe na mende. Nikasema, "Ndiyo, mama." Nilikuwa naenda nyuma ya choo nalia huko, kisha nanawa uso. Sikuwa namchukia shangazi. Hilo ndilo lililonichanganya. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi.

Keki tuliioka asubuhi ya siku yenyewe. Mama aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na homa. Alinipa mayai nivunje, akanionyesha kuyapiga kwa mwiko mpaka yatoe povu, akatia iliki na maganda ya limau yaliyoparwa. Sufuria ya jirani ikawekwa juu ya makaa, ikafunikwa kwa bati, na juu ya bati tukapanga makaa mengine. Moto chini, moto juu. Harufu ikatoka uani, ikaenda njiani, watoto wakaanza kujikusanya bila kualikwa.

"Ukiwa huko," mama akasema akipepea jiko, "ukitaka kujua kama imeiva, chomeka kijiti…" Akasita. Kile kipepeo cha jiko kikasimama mkononi mwake. "Ukiwa mkubwa," akasema, akaendelea kupepea.

Shangazi alifika kabla ya adhuhuri, ametoka barabarani kwa miguu akivuta mbuzi jike mweupe kwa kamba. Nikamkimbilia kama nilivyozoea, kisha nikasimama katikati ya njia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akaniinua kidevu. "Cheka nione meno."

Sikucheka. Akanifunua mdomo kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefungua ua la waridi. Macho yake yalijaa furaha mpaka nikaona aibu.

Mbuzi alikuwa wa mama. Hakusema ni wa nini, akamfunga tu karibu na jiko akamwambia mama, "Wifi, huyu ana maziwa mengi. Atakuchangamsha." Mama akamshukuru kwa sauti nyembamba.

Baada ya sala ya alasiri tukatandika mikeka uani. Kulikuwa na wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kupaka, na keki katikati juu ya sinia, imetoka ya mviringo, upande mmoja umeungua kidogo. Mshumaa ulikuwa mmoja tu, ule mnene mweupe wa kutumia taa ikiisha mafuta. Nilivaa gauni jipya la kijani. Wadogo zangu waliona ni siku ya furaha, wakawa wanaruka. Watu wazima walikula kama watu walio matangani. Bibi hakugusa samaki. Baba alikuwa akimega wali na kuurudisha.

Kisha mama akasimama. Sikuwahi kumwona mama akisimama kusema mbele ya watu, na sikumwona tena baada ya hapo.

"Kule ninakofanya kazi," akasema, "mtoto akifika siku yake, mzazi wake husema maneno. Mimi pia nitasema. Mtoto huyu huuliza. Ukimjibu ovyo, kesho atarudi na swali lile lile, kwa hiyo mjibu vizuri mara ya kwanza, upumzike. Maziwa hapendi yenye utando, lazima utando uondolewe kwanza. Akinyamaza sana asidhaniwe ana kiburi, aguswe paji la uso, huwa ni homa. Chuoni, anakosomea Kurani, alimwambia maalim kwamba amemchapa mtoto asiye na kosa. Watu wakamgombeza. Maalim akachunguza, akakuta ni kweli, akaomba radhi. Basi huyu akisema jambo, lisikilizwe kwanza. Mwaka jana alikuwa anaogopa giza. Mwaka huu bado anaogopa, ila hataki mtu ajue, kwa hiyo taa iachwe kidogo, isemwe ni ya mtu mwingine. Anaimba akifagia. Akiacha kuimba, aulizwe."

Nilikuwa nimekaa na mikono mapajani. Sikujua kwamba mama aliyaona yote hayo, yeye anayeondoka gizani na kurudi gizani. Nikatazama watu, nikaona hawanitazami mimi, wanamtazama shangazi, na hapo nikaelewa kwamba mama hakuwa akisema na wageni. Alikuwa akimkabidhi shangazi jinsi ya kunilea. Sauti yake haikukatika hata mara moja. Alimaliza, akaketi, akashika pindo la leso yake akaanza kulisokota.

Baba akakohoa. "Dada yangu," akasema, "siku ya arobaini nilikupa neno. Neno langu liko pale pale. Mtoto ameota meno. Kesho utaondoka naye."

Wadogo zangu wakaacha kuruka.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilisikia sauti na ikawa yangu. "Naomba ruhusa niseme."

"Nani amekuita?" baba akasema.

"Shangazi, nakupenda," nikasema, "lakini sitaki."

Baba akainuka. Hakuwa mtu wa kupiga. Mikono yake ilikuwa imechoshwa na panga. Lakini siku ile mkono ulikwenda juu, na nikauona mwanga wa jua kati ya vidole vyake, nikafumba macho nikingoja.

"Kaka," shangazi akasema. "Keti. Anasema na mimi."

Nikafumbua macho. Baba alikuwa bado amesimama, lakini mkono ulikuwa umeshuka. Shangazi alikuwa ameacha kula, amenielekea mimi mwili mzima.

"Kwa nini hutaki, mwanangu? Nimekukosea?"

"Hapana, shangazi. Ni kwamba hakuna aliyeniuliza."

"Nilikuomba ukiwa hujui kusema. Ningekuulizaje?"

"Sasa najua kusema."

Bibi akasema, "La ilaha ila Llah," polepole. Jirani yetu, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa mkeka, akainamisha kichwa. Shangazi akajisogeza mkekani mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Basi nakuuliza. Utakuja Samburu uwe mwanangu?"

Nilimtazama mama. Hakuniinulia uso. Alikuwa amelisokota lile pindo mpaka limekuwa kama kamba. Nikajua kwamba nikisema ndiyo hakuna atakayenizuia, na nikisema hapana hakuna atakayenitetea. Lilikuwa langu peke yangu.

"Shule zikifungwa nitakuja," nikasema. "Nitakuja kweli. Nitakaa na wewe, nitachota maji. Lakini kwetu ni hapa."

Shangazi alijifunika uso kwa leso. Mabega yake hayakutikisika, hakutoa sauti, alikaa tu ndani ya ile nguo kama mtu aliyeingia chumbani akafunga mlango. Mama akaanza kulia badala yake. Baba akatoka uani akaenda barabarani. Na keki ikabaki pale katikati, na mshumaa wake mmoja ambao hakuna aliyekumbuka kuuwasha.

Mwisho shangazi akaondoa leso. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Nimesikia," akasema. Akamgeukia mama. "Wifi, nikatie keki. Nimesafiri tangu alfajiri, na sijawahi kula kitu hiki."

Akala kipande chake chote. Chembe zikamwangukia kifuani, na hakuna aliyethubutu kumpangusa.

Asubuhi mama alimfungua yule mbuzi akamletea kamba mkononi. "Wifi, siwezi kubaki naye." Shangazi akairudisha kamba. "Mbuzi si wa kubadilishana na mtoto. Nimemletea mwenye siku yake." Akaondoka mikono mitupu, na alipofika kwenye kona ya njia hakugeuka.

Usidhani mambo yaliishia kwa uzuri. Baba hakusema nami msimu mzima wa miwa. Aliniwekea pingili yangu kizingitini kama anavyowekewa paka, akapita. Kijijini walisema nimeharibiwa na mambo ya Diani, kwamba mama amenifanyia siku ya kuzaliwa na mimi nimezaliwa upya kwa ubaya. Kisha ikaja habari kwamba mume wa shangazi, baada ya kungoja mtoto aliyeahidiwa na kumkosa, ameoa mke wa pili. Siku ile mama hakupika. Alikaa jikoni na moto umezimika. Nami nilijikalia nje nikimkamua mbuzi, najua maziwa yale ni ya nani.

Shule zilipofungwa mwisho wa mwaka nilimwendea baba alipokuwa akinoa panga. Nikamwambia, "Niliahidi kwenda."

Aliacha kunoa. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile. "Unajua hali ya kule sasa?"

"Najua."

Akanipeleka mwenyewe. Sikuwahi kuona barabara kubwa namna ile. Malori yalikuwa yamepangana pande zote mbili, mbuzi wanapakiwa wakipiga kelele, wanawake wanakimbia na mabeseni ya mayai ya kuchemsha, na vumbi limefunika kila kitu kwa rangi moja. Shangazi alikuwa amekaa chini ya kibanda cha mabati akichoma mahindi. Alituona tangu mbali. Hakuinuka. Aliendelea kuligeuza hindi moja lile lile, akaligeuza, akaligeuza, mpaka likaungua likawa jeusi.

"Umeletwa au umekuja mwenyewe?" akaniuliza.

"Nimekuja mwenyewe. Baba amenisindikiza tu."

Akatupa lile lililoungua, akanichagulia jingine lililo laini, akalimenya, akaninyooshea. Tukakaa. Baba akaomba maji ya kunywa, akayanywa akiwa amesimama, na nikamwona anafuta macho akisingizia moshi.

Tangu hapo sikukosa likizo hata moja. Nilijifunza kukamua, kutambua mvua kwa harufu, kusema Kiduruma kwa lafudhi iliyowachekesha watoto wa mke mwenzake, ambao niliwaona wakizaliwa na kuwabeba mgongoni. Mke mwenzake alikuwa mwanamke mpole, na sikupata kumsikia akiniita mgeni. Nikirudi Munje mama alininusa nywele akasema nanuka moshi kama ng'ombe, nikaogeshwa kwa sabuni ya Diani. Na nikifika Samburu shangazi aliniambia ninanuka samaki. Kila mmoja alikuwa akiniosha harufu ya mwenzake.

Shangazi alifariki binti yangu akiwa mchanga. Nilipata habari nikiwa nimelala na mtoto, nikampigia mama simu, akasema tuondoke pamoja. Magoti yake yalikuwa yameshaharibika, na baba alikuwa ametutangulia kaburini zamani. Lakini alivuka feri, akapanda, akashuka, hakulalamika. Tulichelewa sana. Tulidhani tutakuta watu wametawanyika. Tukakuta jeneza bado liko nje chini ya turubai, na umati umekaa kimya juani, na mke mwenzake akaja kunipokea akisema, "Nimewakatalia kuzika. Nimewaambia mwanawe yuko njiani."

Tukafuatana hadi kaburini. Mzee aliyekuwa akiongoza akauliza, kwa desturi yao, "Mtoto wa marehemu yupo?"

Nikamkaza binti yangu mgongoni. Nani alikuwa na haki ya kujibu? Nilikuwa nimekataa mbele ya watu. Nikasikia mkono kwenye bega langu, mkono wa mama wenye ngozi iliyokakamaa kwa maji ya masufuria, ukanisukuma mbele taratibu.

"Yupo," mama akasema. "Huyu hapa."

Nikachota udongo.

Mama naye amekwenda. Nyumba ya bibi ilianguka mvua za mwaka mmoja, na kiwanja kiliuzwa. Leo kuna ukuta mrefu mweupe, na ukipita huwezi hata kukisia palikuwa na jiko upande gani. Jirani wa bara alihamia kwa wanawe. Barabara ya Samburu imepanuliwa, na palipokuwa na kile kibanda malori yanapita bila kusimama. Watu wananiambia nina bahati, nina kazi, nina binti, nina mume mwema, na ni kweli. Lakini zamani nilipokuwa njiani, huku kulikuwa na mwanamke aliyehesabu nimeondoka lini na kule kulikuwa na mwanamke aliyehesabu nitafika lini, na kila mmoja alikuwa akiona mwenzake amenikalia muda mrefu mno. Sasa naweza kwenda popote na kukaa nitakavyo. Hakuna tena anayenigombania.